Maswali na Majibu: Minyoo Bapa wa Baharini na Namna Wanavyopewa Majina

Mwezi huu barua sita kati ya zilizotufikia zinamhusu mnyama mmoja, ambaye wengi wa walioandika hawakujua wamwite nani. Nimeziweka pamoja badala ya kuzigawa katika matoleo mawili, kwa kuwa jibu la barua moja linategemea jibu la nyingine. Barua ndefu nimezifupisha, ila hoja za wenyewe sikuzigusa.

SWALI: Mimi huenda pwani wakati wa bamvu kutafuta pweza. Nilipogeuza jiwe niliona kitu chembamba kama kipande cha hariri, cheusi, chenye mstari wa rangi ya machungwa pembezoni, kikitambaa polepole. Nilikichukua kwa vidole nikakitia kwenye kopo, na kabla sijafika nyumbani kilikuwa kimegeuka ute mtupu. Ni mnyama gani huyo, na kwa nini alipotea namna ile? (Mama wa watoto wanne, Jambiani)

JIBU: Kwa maelezo yako, mama, uliyemwona ni mnyoo bapa wa baharini, wa kundi ambalo wanasayansi wanaliita Polycladida. Jina hilo limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya matawi mengi, na matawi yanayotajwa ni ya utumbo. Badala ya kuwa bomba moja linalopita mwilini na kutokea upande wa pili, utumbo wa mnyoo huyu hugawanyika matawi madogo madogo yanayofika karibu na ukingo wa mwili, na makapi ya chakula hutokea kulekule mdomoni yalikoingilia. Moyo hana, damu hana, matamvua kama ya samaki hana. Hewa humwingia kwa kupenya ngozi moja kwa moja, na hiyo ndiyo sababu ya wembamba wake, kwani mnyama asiye na damu ya kusafirisha hewa akiwa mnene, sehemu zake za ndani hazitaipata.

Alikuwa akiteleza juu ya jiwe kwa silia, yaani vinywele vidogo mno vinavyojaa upande wa tumbo, na baadhi ya jamaa zake wakubwa huweza pia kuogelea kwa kupunga kingo za mwili mithili ya samaki aitwaye taa. Si mla majani hata kidogo. Wengi wao hula wanyama laini walioganda juu ya mawe na matumbawe, na wale wa jenasi (yaani kundi la spishi zilizo karibu kwa nasaba) ya Stylochus hupenya katikati ya makombe ya chaza na kumla mwenyewe akiwa humo humo ndani.

Kuhusu kupotea kwake usijilaumu, kwa sababu hata waliosomea kazi hii yamewafika yayo hayo kwa zaidi ya karne nzima. Mnyoo bapa akishikwa kwa vidole, akipata joto, au akikaa katika maji machache yasiyobadilishwa, hutoa ute mwingi, kisha mwili wake huanza kujimeng'enya wenyewe, na baada ya muda mfupi hakuna tena mnyama wa kutazama. Tabia hiyo imechelewesha elimu yake kuliko jambo jingine lolote, na nitairudia katika jibu la barua ya Watamu. Kwako nina ombi moja tu, nalo ni kwamba jiwe unalogeuza ulirudishe lilivyokuwa, kwa kuwa wakazi wa chini yake hawahimili jua.

SWALI: Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wanawafahamu minyoo bapa kwa tegu na kichocho tu, na nilipowaonyesha picha ya mnyoo wa baharini mwenye rangi za kupendeza walikataa kuamini kwamba hao ni ndugu. Je, ni ndugu kweli, na je, mgawanyo wa ngeli tunaoufundisha bado ni sahihi? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Ni ndugu, mwalimu, ingawa si wa tumbo moja. Wote wamo katika faila, yaani kundi kuu la wanyama, ya Platyhelminthes. Vitabu vingi vya shule huigawa faila hiyo katika ngeli ya Turbellaria, yaani wanaoishi huru majini na kwenye udongo wenye unyevu, na ngeli za vimelea, zikiwemo Trematoda, walimo minyoo wa kichocho, na Cestoda, walimo tegu. Mgawanyo huo ni mwepesi kukumbuka na ndiyo maana umedumu, lakini hauendani tena na tunachokijua kuhusu nasaba za wanyama hawa.

Sababu yenyewe ni hii. Vimelea wote wakubwa wa faila hiyo hufanya jambo moja lisilofanywa na wenzao: katika kukua kwao hutupa ngozi yenye silia waliyozaliwa nayo na kujivika nyingine. Kwa ajili hiyo huwekwa pamoja katika kundi la Neodermata, jina lenye maana ya ngozi mpya, na dalili zote zinaonyesha kwamba walitokana na mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwa wale wanaoishi huru. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya tunaowaita Turbellaria wako karibu zaidi na tegu kwa nasaba kuliko walivyo karibu na Polycladida wa baharini. Turbellaria, kwa maneno mengine, ni jina la kapu ambamo wametiwa wote wasio vimelea, na kutokuwa kimelea si ukoo.

Liko badiliko jingine kubwa zaidi ambalo vitabu vyetu vimechelewa kulipokea. Kundi la Acoela, wanyama wadogo wa baharini wa milimita chache wasio na utumbo wenye uwazi, lilihesabiwa muda mrefu kuwa la minyoo bapa. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa vinasaba ulioonyesha kwamba hawamo katika faila hiyo kabisa, na leo huwekwa katika kundi lao la Xenacoelomorpha. Kufanana kwao na minyoo bapa ni kwa sura tu. Ningekuwa darasani kwako ningeanza na mfano huo kabla ya kutaja ngeli yoyote, kwa sababu unamwonyesha mwanafunzi kwamba uainishaji ni dai linaloweza kupimwa na kukataliwa, wala si orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

SWALI: Mimi ni mwongoza wapiga mbizi na nimekusanya picha za minyoo bapa kwa miaka mingi. Ninayo moja ya mnyoo ambaye rangi zake sijaziona katika kitabu chochote. Nilimtumia mtaalamu, naye akanijibu kwa sentensi moja tu kwamba picha peke yake haitoshi. Je, si mimi niliyegundua spishi mpya? (Mpiga mbizi, Watamu)

JIBU: Inawezekana umemwona mnyoo ambaye bado hana jina. Kumwona, hata hivyo, ni mwanzo tu wa kazi, na mtaalamu aliyekujibu kwa ufupi hakukupuuza, ingawa nadhani angeweza kukueleza zaidi.

Rangi ndicho kitu cha kwanza kuonekana kwa minyoo hawa, na imewapoteza njia wengi. Mwaka 1876 Mwingereza Cuthbert Collingwood alichapisha maelezo ya spishi 31, baadhi kutoka Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, na nyingine kutoka bahari za mashariki ya Asia. Maelezo ya enzi ile yaliegemea mno umbo la nje na rangi, na leo mtu akiyasoma akiwa na mnyoo mezani hujikuta na sentensi zinazoweza kuwafaa minyoo wawili au watatu tofauti. Miaka minane baadaye, mwaka 1884, Arnold Lang, Mswisi aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa bahari cha Naples nchini Italia, alitoa kitabu kikubwa juu ya minyoo wa ghuba ile, na humo akawagawa Polycladida katika makundi mawili yanayotumika mpaka sasa: Cotylea, ambao tumboni, nyuma ya tundu la uzazi la kike, wana kiungo kidogo cha kunatia, na Acotylea, ambao hawana kiungo hicho. Utaona kwamba kigezo cha Lang kiko tumboni, mahali ambapo kamera ya mpiga mbizi ni nadra kufika.

Chukua mfano wa jenasi mbili ambazo bila shaka zimejaa katika picha zako, Pseudoceros na Pseudobiceros. Zote zina minyoo wenye rangi kali na vipembe viwili mbele, ambavyo kwa kweli ni ukingo wa mwili uliojikunja. Kwa juu mtu anaweza kuwachanganya kabisa. Tofauti kuu ni kwamba Pseudoceros ana tundu moja la uzazi la kiume na Pseudobiceros anayo mawili. Niseme hapa kwamba minyoo hawa ni huntha, kila mmoja akiwa na viungo vya kiume na vya kike pamoja, na mwaka 1998 watafiti wawili waliripoti katika jarida la Nature jinsi Pseudoceros bifurcus wawili wanapokutana wanavyopambana, kila mmoja akijaribu kumchoma mwenziwe na kumwachia mbegu huku akikwepa kuchomwa yeye. Viungo hivyo, ambavyo wao wanavitumia kama silaha, sisi tunavitumia kama kitambulisho.

Kuvisoma si kazi nyepesi. Sehemu ya mwili yenye viungo vya uzazi huzamishwa katika nta, ikaganda, kisha ikakatwa kwa mashine katika vipande vyembamba vya takriban maikromita 5 hadi 10 kila kimoja. Vipande vyote hupangwa kwa mfuatano juu ya slaidi, hutiwa rangi, na mtafiti huvipitia kimoja kimoja chini ya hadubini mpaka aweze kuchora umbo zima la kifuko cha mbegu, tezi zake na mirija inayoviunganisha. Kazi ya mnyoo mmoja inaweza kumaliza siku nyingi. Tena mnyoo awe amekomaa, kwa sababu kinda bado hana cha kusoma. Watafiti wengi wamewahi kukata vipande kwa uangalifu mkubwa na mwishowe wakakuta hawana kitu mikononi ila mnyoo mchanga asiyetambulika.

Yote hayo yanadai kwanza mnyoo mzima aliyehifadhiwa akiwa ametandazwa, jambo ambalo, kama tulivyoona kwa mama wa Jambiani, halikubaliki kwa urahisi. Ukimmwagia formalini, dawa ya kuhifadhia wanyama, kwa namna ya kawaida hujikunja kama karatasi iliyoshika moto au husambaratika. Waliopata dawa ya tatizo hilo ni Leslie Newman na Lester Cannon wa Jumba la Makumbusho la Queensland nchini Australia, katika miaka ya 1990. Njia yao ilikuwa kugandisha formalini kuwa barafu, kumweka mnyoo juu ya kipande cha karatasi ya kuchujia, kungoja ajitandaze mwenyewe, kisha kuitelezesha karatasi hiyo juu ya barafu. Mnyoo hukazwa na dawa akiwa bado ametulia, kabla hajapata nafasi ya kujikunja. Ni ubunifu usio na gharama kubwa, na matunda yake yalionekana upesi: katika miamba ya visiwa vya Heron na One Tree, kusini mwa Great Barrier Reef, wawili hao walihesabu spishi zaidi ya mia moja, na sehemu kubwa mno ya hizo haikuwa na jina.

Sasa utaniuliza, mbona Newman na Cannon wenyewe walitumia sana rangi kutenganisha spishi? Ni kweli walifanya hivyo, na hapa ndipo penye ugumu wa jambo lenyewe. Ndani ya jenasi kama Pseudoceros maumbile ya ndani yanafanana mno, kiasi kwamba yanakwambia mnyoo ni wa jenasi gani lakini hayakwambii ni spishi ipi. Kwa hatua hiyo ya mwisho rangi na michoro ya mgongoni ndiyo iliyobaki. Hoja yao ilikuwa kwamba rangi inaaminika iwapo imepigwa picha mnyoo akiwa hai, na iwapo mnyoo huyo huyo amehifadhiwa. Kisha vikaja vinasaba. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi juu ya Pseudoceros bicolor na jamaa zake wa Karibi ambao ulionyesha kwamba tofauti ya rangi na tofauti ya spishi haziendi sambamba sikuzote. Kwa maoni yangu, rangi ni shahidi mzuri ambaye hapaswi kusikilizwa peke yake. Hata samaki wanalijua hilo kwa namna yao: kinda la Platax pinnatus, jeusi lenye ukingo wa rangi ya machungwa, husemwa kwamba linamwiga mnyoo bapa ili wanaowinda wamwepuke.

Wapo watakaokutajia kipunji wa Tanzania kuwa ushahidi kwamba picha inatosha. Ni kweli kwamba nyani huyo wa nyanda za juu kusini alitangazwa mwaka 2005 kwa kutumia picha, na mjadala juu ya uhalali wa jambo hilo ulikuwa mkali. Lakini tazama kilichofuata. Mnyama mmoja alipopatikana amekufa katika mtego wa mkulima kwenye Mlima Rungwe, mifupa na vinasaba vyake vilichunguzwa, na mwaka 2006 kipunji akatolewa katika jenasi ya Lophocebus aliyokuwa amewekwa na kupewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ikiwa picha ilishindwa kutuambia jenasi ya nyani mwenye kilo nyingi, itatuambia nini juu ya mnyoo wa sentimita 3?

Picha zako usizitupe. Kila moja iandikie tarehe, kina, mahali, na mnyoo alikuwa juu ya kitu gani, maana chakula chake mara nyingi ndicho alichokalia. Ukiweza, piga ukingo wa mbele kwa karibu ili vipembe na vijicho vyake vionekane. Siku mtafiti atakapofika kwenye miamba unayoifahamu, atakuhitaji wewe kuliko utakavyomhitaji yeye.

SWALI: Nina vitabu viwili vya wanyama wa baharini. Mnyoo yuleyule amewekwa katika familia moja kitabu hiki na katika familia nyingine kitabu kile. Pia jina la mtu na mwaka vinavyofuata jina la kisayansi mara huwa ndani ya mabano, mara nje. Je, ni makosa ya uchapaji? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Si makosa. La kwanza lina historia ya kusikitisha kidogo. Mwaka 1983 na 1984 Mjerumani Anno Faubel alichapisha mfumo mpya wa kuwaainisha Polycladida wote, akitilia mkazo umbo na mahali pa kifuko cha prosteti katika viungo vya kiume. Mwaka 1985 Stephen Prudhoe wa Uingereza akachapisha mfumo wake, uliotilia mkazo mambo kama vipembe na mpangilio wa vijicho. Mifumo miwili ya wanyama walewale ikatoka karibu kwa wakati mmoja, kila mmoja ukitokana na kazi ya miaka, na haikuafikiana. Tangu hapo waandishi waligawanyika, huyu akimfuata Faubel na yule Prudhoe, na vitabu vyako viwili vimerithi mgawanyiko huo. Tafiti za vinasaba, hasa tangu mwaka 2017, zimeonyesha kwamba hakuna kati yao aliyepatia yote. Mfano mmoja ni jenasi ya Cestoplana, ambayo Lang aliiweka katika Acotylea na ikakaa humo kwa zaidi ya karne. Vinasaba vimeipeleka Cotylea.

Mabano nayo yana maana yake. Ukiona Pseudobiceros bedfordi (Laidlaw, 1903), fahamu kwamba Laidlaw ndiye aliyeipa spishi hiyo jina mwaka 1903, lakini aliiweka katika jenasi nyingine, ambayo ilikuwa Pseudoceros. Ilipohamishwa baadaye kwa sababu ya yale matundu mawili niliyoyataja, jina la spishi lilibaki na jina la Laidlaw likaingia ndani ya mabano. Yasipokuwepo mabano, spishi bado iko katika jenasi ileile iliyopewa siku ya kwanza. Mnyoo mwenyewe ana mistari ya waridi na nukta nyeupe nyingi juu ya mwili wa rangi ya kahawia iliyokolea, na wapiga mbizi humfananisha na zulia la Kiajemi, jambo ambalo msomaji wa Muscat hatahitaji kuelezwa.

SWALI: Je, minyoo hawa wana sumu? Watoto huwachezea. (Mvuvi, Lamu)

JIBU: Baadhi yao wanayo. Planocera multitentaculata wa Japani ana tetrodotoksini, sumu ileile ya bunju. Kumgusa mnyoo bapa hakujulikani kumdhuru mtu, lakini watoto wazuiwe kuwatia mdomoni, na baada ya kuwashika wanawe mikono. Na kwa kuwa mada yetu ni uainishaji, niongeze kwamba sumu haitumiki kuwa kigezo cha kuwatenga, kwa kuwa imeonekana kwa baadhi tu na rangi kali si dalili ya hakika.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na ninataka utafiti wangu uwe juu ya minyoo bapa wa pwani yetu. Je, kuna aliyewahi kuwachunguza hapa? Nikipata spishi mpya, naweza kuipa jina la Kiswahili? Na ni nani anayeidhinisha jina? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba. Yupo aliyekutangulia, na yuko mbali sana nyuma. Mwaka 1901 na 1902 Mwingereza Cyril Crossland alikusanya wanyama wa baharini Zanzibar na katika pwani ya iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kiingereza. Makusanyo yake yaligawiwa wataalamu mbalimbali, na Polycladida wakamfikia Laidlaw, huyohuyo wa mabano ya Muscat, ambaye mwaka 1903 alichapisha kupitia Chama cha Zoolojia cha London sehemu ya kwanza ya taarifa yake, iliyohusu Acotylea. Konokono wa baharini wasio na kombe, ambao wapiga mbizi huwachanganya na minyoo bapa kila siku, walishughulikiwa na Charles Eliot, aliyekuwa wakati uleule Kamishna wa serikali ya kikoloni. Maana ya hayo kwako ni kwamba huwezi kutangaza spishi mpya ya Zanzibar kabla hujailinganisha na maelezo ya Laidlaw, na ikiwezekana na vielelezo vyenyewe.

Hilo la kulinganisha ndilo linalokula muda. Jina la zamani zaidi lililotolewa kwa kufuata kanuni ndilo lenye haki, na majina ya wanyama yanaanzia kwenye toleo la kumi la kitabu cha Carl Linnaeus la mwaka 1758. Ukimpa mnyoo wako jina, kisha mtu akagundua kwamba Collingwood alikwisha kumpa jingine mwaka 1876, la kwako litabaki kuwa kisawe cha kuorodheshwa chini ya la Collingwood. Ndiyo maana mwenye kutaka kuelezea spishi moja mpya hulazimika kuzifahamu zile zote za jenasi yake, pamoja na maelezo mafupi na mabovu ya karne ya kumi na tisa.

Hakuna ofisi ya kuidhinisha jina. Ipo Tume ya Kimataifa ya Majina ya Zoolojia, iliyoanzishwa mwaka 1895, lakini kazi yake ni kutunza kanuni na kuamua migogoro. Jina lako litakuwa halali likichapishwa inavyotakiwa: liwe na maelezo yanayoitofautisha spishi na nyingine, na liwe limefungwa kwenye kielelezo. Tangu kanuni za sasa zilipoanza kutumika mwaka 2000, mwandishi hana budi kutaja waziwazi mnyama gani hasa ndiye mbeba jina, anayeitwa holotaipu, na anahifadhiwa wapi. Siku yoyote ubishi ukitokea juu ya jina hilo, atakayetazamwa ni mnyoo huyo mmoja katika chupa yake na slaidi zake. Machapisho ya mtandaoni yalikubaliwa mwaka 2012, kwa sharti la kusajiliwa katika daftari la kielektroniki liitwalo ZooBank.

Kuhusu Kiswahili, kanuni zinadai herufi za Kilatini na jina la sehemu mbili, ya jenasi na ya spishi. Neno lenyewe laweza kutoka lugha yoyote. Kipunji ni neno la wenyeji wa Rungwe na limekaa ndani ya jina la kisayansi bila taabu. Wachache wanafahamu kwamba hata maelezo ya spishi hayalazimiki kuandikwa kwa Kiingereza wala Kilatini. Kanuni zinapendekeza tu lugha inayotumika sana kimataifa, kwa hiyo maelezo ya Kiswahili yangekuwa halali kabisa, na mimi ningefurahi kuyasoma, ingawa msimamizi wako pengine atakushauri uandike kwa lugha mbili. Kumpa mnyama jina lako mwenyewe hakuna kanuni inayokataza moja kwa moja, ila wenzio watakucheka.

Kabla ya kuingia majini shughulikia vibali. Kwa Tanzania Bara vibali vya utafiti husimamiwa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ndani ya hifadhi kama ya Mafia unahitaji pia ruhusa ya hifadhi za bahari. Zungumza vilevile na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Zanzibar.

Ukiwa mwambani, mnyoo usimshike. Telezesha kipande laini cha plastiki chini yake, au msukume kwa brashi ya rangi, umtie peke yake katika chupa yenye maji mengi ya bahari, na chupa ikae kivulini. Mpige picha akiwa hai, juu na chini, akiwa na rula kando yake. Kisha kata kipande kidogo cha ukingo ukitie katika ethanoli kwa ajili ya vinasaba, na fanya hivyo kabla ya formalini, kwa kuwa formalini huviharibu. Tahadhari kwamba mbinu za kawaida za kusoma jeni inayotumika kutambulisha wanyama wengi mara nyingi hushindwa kwa minyoo bapa, hivyo watafiti wengi huanza na jeni ya 28S. Hapo ndipo mnyoo aende juu ya formalini iliyogandishwa, ukiwa umevaa glavu na mahali penye hewa, na baadaye ahamishiwe katika ethanoli ya asilimia 70. Mmoja hatoshi. Tafuta watatu au wanne waliokomaa, ili mmoja akatwe vipande na mwingine abaki mzima. Ndani ya kila chupa weka lebo yenye mahali, tarehe, kina, jina la mkusanyaji na namba ya picha, nayo iandikwe kwa penseli, kwa sababu ethanoli huufuta wino wa kalamu ya kawaida.